Mwaka Mlima Ulipomrudisha Dada

Dada yangu alianza kunipigia simu kuhusu matetemeko kiangazi kilipoingia, na siku za kwanza sikumsikiliza sana. Sisi wa Dodoma na Kondoa tumezoea. Bati linalia, vyombo vinagongana kabatini, watu wanatoka nje wakicheka kwa woga, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Kesho yake ni mazungumzo ya sokoni, na kesho kutwa yamesahaulika. Kwa hiyo aliponiambia kwamba ardhi ya kwao haitulii, nilimjibu kama mtu anayeambiwa habari za vumbi.

"Siyo kama ya nyumbani," akasema. "Ya nyumbani inapita. Hii imehamia."

Alikuwa akiishi mbali, kaskazini, chini ya ule mlima wa moto ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Mumewe alikuwa mtu wa Kondoa kama sisi, wa ukoo wa Waislamu waliobaki mjini tangu enzi za misafara, na biashara ilikuwa ndani ya damu yake. Alifungua duka mahali ambapo wenzake waliona hakuna kitu. Aliuza unga, sukari, chumvi ya mifugo, betri na mashuka, na wageni waliokuja kupanda mlima walinunua kwake maji ya kunywa. Dada alimfuata huko akiwa bado bibi harusi. Mama alilia wiki nzima, kisha akazoea.

Dada amenizidi umri kwa mbali. Baba alipofariki, mama alishinda sokoni akiuza ulezi na ufuta, na dada ndiye aliyeniogesha, akanisuka, akanipeleka madrasa nikiwa nimemshika kidole. Nilipopata kazi ya maktaba kule Chimwaga, kwenye chuo, yeye ndiye niliyempigia simu kwanza.

Yeye na mumewe walipata mtoto mmoja tu, wa kike, baada ya kungoja kwa miaka. Alifariki kwa homa akiwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Ilikuwa masika, barabara zimekatika, hakuna gari lililoweza kutoka. Wakamzika kulekule, kwenye kiwanja kidogo nje ya kijiji, karibu na korongo, ambako walikuwa wamelala Waislamu wachache waliotangulia. Mama hakulipokea jambo hilo. "Mjukuu wangu kalazwa ugenini," alikuwa akisema kila tulipomtaja, na baadaye tukaacha kumtaja.

Simu za dada ziliongezeka. Mara kuku wamekataa kuingia bandani. Mara sufuria ya uji imemwagika jikoni bila kuguswa. Mara ufa umefunguka njiani, mwembamba, lakini mrefu kuliko alivyoweza kuona mwisho wake. Halafu mlima wenyewe ukaanza kutoa moshi, na asubuhi moja wakakuta majivu juu ya kila kitu, juu ya bati, juu ya migongo ya mbuzi, juu ya nguo alizokuwa ameanika. Hata wanafunzi kule chuoni walikuwa wakionyeshana picha kwenye simu. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mzee, hii ni serious," nikarudisha vitabu kwenye rafu bila kutazama namba zake.

Shemeji alimtaka dada arudi Kondoa akamngoje kwa mama. Dada alikataa. Mama alimpigia, akakataa. Basi mama akanipigia mimi.

"Nenda kamlete," akasema. "Mimi magoti hayaniruhusu. Wewe atakusikiliza."

"Mama, ameshakataa kwako na kwa mumewe. Mimi ni nani?"

"Yeye ndiye aliyekulea. Nenda."

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi la kwenda Babati. Kondoa mama alikuwa akinisubiri stendi na kifurushi cha chapati na chupa ya asali, akavipitisha dirishani. Kutoka Babati nilibadilisha magari, na kipande cha mwisho nilipanda lori lililobeba mapipa ya maji. Kadiri tulivyokaribia, nyasi zilibadilika rangi. Zilikuwa za kijivu, na upepo ulipovuma zilitimua vumbi kama mtu anakung'uta gunia la saruji. Dereva alijifunga kitambaa puani, akanipa na mimi cha kwangu. Mlima ulikuwa mbele yetu muda wote, umesimama peke yake, na juu yake pametulia wingu jeusi ambalo halikuwa la mvua.

Dada hakuwa nyumbani. Shemeji alinipokea, nikamwamkia, akaitikia akiwa na macho mekundu. Watu wote pale walikuwa na macho mekundu. "Dada yako yuko kwa mtoto," akaniambia, kwa namna ambayo angesema yuko kisimani.

Nilimkuta amepiga magoti, anafagia kaburi kwa ufagio wa mkono. Majivu yalikuwa yameshuka tena alfajiri. Aliyakusanya, akayatupa mbali, akarudi kuanza upya. Karibu yake alikaa bibi mmoja wa Kimasai, jirani yao, ambaye kila mtu pale alimwita Koko, ndiyo kusema bibi kwa lugha yao. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika kichwani.

"Umekuja kunichukua," dada akasema bila kuinuka.

"Mama kanituma."

"Najua mama kakutuma. Nikiondoka, nani atamfagilia?"

Koko alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba hata wao wanahama, wazee wameshapeleka ng'ombe mbali kwa sababu majani yana sumu, na kinamama wamekwenda kuuomba mlima utulie. "Mlima ukikasirika, tunaondoka," akasema. "Ukipoa, tunarudi. Siyo kuukimbia. Ni adabu."

Dada aliendelea kufagia.

Nilikaa nao siku chache. Ardhi ilikuwa ikitikisika asubuhi, mchana na wakati wa kula, na hutaamini jinsi mtu anavyozoea. Ilifika mahali tukawa tunashika vikombe vyetu bila kukatisha mazungumzo. Jambo ambalo sikulizoea ni mngurumo. Ulitangulia kila mara, kutoka chini kabisa, ukapanda kwenye nyayo na kufika tumboni kabla masikio hayajausikia. Kiongozi wa kijiji alipita na kipaza sauti akiwataka watu wasogee upande wa ziwa. Shemeji akaamua kuhamisha mali ya duka, na dada akaniambia, akiwa ananitazama usoni kwa mara ya kwanza, "Yeye aende. Mimi nitabaki na Koko mpaka Koko aondoke."

Siku ya kuhamisha, dada alikwenda makaburini kama kawaida. Mimi nilikuwa nje ya duka napanga maboksi, shemeji yuko ndani anashusha magunia. Mngurumo ulikuja, nikaita, "Shemeji, toka!" Nadhani alikuwa ameshageuka. Ukuta wa nyuma uliinama taratibu, nakumbuka upole wake ule kuliko kitu kingine chochote, kisha ukalala ndani pamoja na nusu ya paa. Vumbi lilipopungua tulimsikia akisema "La ilaha illa Allah," tena na tena, kwa sauti ya kawaida kabisa. Wanaume walikuja wakainua tofali moja moja. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, na mguu umegeukia upande usio wake.

Dada alikuja mbio na ufagio bado uko mkononi. Aliuangusha, akakaa chini, akaweka kichwa cha mumewe mapajani. Hakulia. Lori la maji ndilo lililotutoa. Tulipokuwa tunampandisha shemeji juu ya godoro, dada alimshika Koko mikono.

"Koko, mbuzi wasipande pale."

"Hawatapanda, mwanangu."

Ndivyo alivyoondoka. Mambo ambayo mama na shemeji na mimi tulishindwa kuyafanya kwa maneno, ukuta uliyafanya kwa dakika moja, na wala sikuona fahari yoyote ya kumrudishia mama mtoto wake kwa njia ile.

Hospitali ya mjini walimwekea vyuma, wakamlaza muda mrefu, kisha wakasema anaweza kuuguzwa nyumbani. Kondoa nyumba ya mama ina ngazi nyingi na choo cha mbali, kwa hiyo nikawachukua kwangu Dodoma, kwenye nyumba ya kupanga niliyokuwa nayo njia ya kwenda Chimwaga. Niliwapa chumba changu, mimi nikahamia sebuleni.

Shemeji alikuwa mgonjwa mpole. Alilala chali akisikiliza redio, akaniuliza habari za kazini, akanisifia chai. Dada ndiye aliyekuwa mgonjwa mgumu. Alimwogesha mumewe, alimgeuza, alimpa dawa, yote kwa wakati, lakini alikuwa kama mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa. Lori la mchanga likipita barabarani, alisimama. Jirani akiburuta meza, alisimama. Nilimzoeza kuniuliza, "Umesikia?" nami nijibu, "Ni gari tu, dada." Mara nyingi hakuniamini, akaenda kuweka kiganja sakafuni.

Kisha likaja la kweli. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, nafua nguo uani. Maji kwenye beseni yalianza kucheza, nikayatazama bila kuelewa, halafu bati likalia na mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Halikuwa kubwa. Wengine mtaani walisema hawakulisikia. Lakini dada alitoka mlangoni kama mtu aliyesukumwa, peku, kichwa wazi, akapita kwangu, akafika katikati ya uwanja, akasimama pale.

Ardhi ilikuwa imeshatulia. Nilimtazama, naye akanitazama. Kisha sote wawili tukageuka kuutazama mlango.

Niliingia, nikamkuta shemeji palepale alipoachwa, chali. Chokaa ya dari ilikuwa imemwangukia kifuani na kwenye ndevu. Magongo yake yalikuwa yameegemezwa ukuta wa mbali, mahali ambapo mkono wake usingefika. Redio ilikuwa inaendelea kusoma salamu za wasikilizaji.

"Limepita?" akauliza.

"Limepita," nikasema mimi, kwa sababu dada alikuwa amebaki mlangoni.

Alijaribu kucheka. "La Dodoma hili ni la kitoto," akasema. Nikamfuta chokaa kwa khanga yangu. Dada aliingia baadaye sana, akaweka chakula pembeni yake, akatoka. Tangu siku hiyo magongo yalikaa kitandani, ubavuni mwa shemeji, na aliyeyaweka pale ni yeye dada, lakini hakuwahi kulisema jambo lile, wala mumewe hakuligusa. Niliishi nao ndani ya ukimya wao. Waliulizana kama chumvi inatosha. Waliambiana adhana imeshaadhiniwa. Nyumba ilikuwa ndogo, na bado walipishana bila kugusana.

Mara moja tu, dada akiwa dukani, shemeji alinifungulia moyo. "Mimi simlaumu, shemeji. Ningekuwa na miguu hata mimi ningekimbia. Mwambie."

"Mwambie mwenyewe."

"Nikimwambia atajua kwamba nilimwona."

Mvua zilipoanza, kule mlimani zilianza kwa nguvu. Majivu ya kiangazi kizima yalikuwa yamekaa kwenye mabega ya mlima yakisubiri maji. Yalishuka yakiwa tope zito, yakajaza makorongo, na korongo la pale kijijini likaacha njia yake ya zamani. Kijana wa Koko alimpigia simu shemeji. Nilikuwa nimekaa naye, nikaona uso wake unavyobadilika wakati anasema, "Yote? Hata mawe?" Alipokata simu, aliniomba nisimwambie dada mpaka yeye apate nguvu ya kusimama. Alitaka amwambie akiwa amesimama, alisema, kama mwanamume.

Lakini habari haikungoja. Mama alikuja kututembelea kutoka Kondoa, ameshaisikia kwa ndugu wa shemeji, na mama hajui kuficha kitu. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akamwita dada karibu.

"Mwanangu, korongo limepita juu ya makaburi. Mtoto hayupo tena pale. Mshukuru Mungu kwamba roho haipo kwenye udongo."

Dada alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Na mifugo ya Koko?"

"Sijui habari za mifugo," mama akasema.

"Muulizeni," dada akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. "Mtu mmoja aulize habari za mifugo ya Koko."

Akainuka, akaufunika ungo kwa sahani, akaingia chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu lile tetemeko la Jumamosi nilimsikia shemeji akisema naye kwa muda mrefu, sauti ya chini, sauti moja tu. Ya dada sikuisikia.

Mvua ilipokatika na shemeji akaweza kutembea kwa gongo moja, tulikwenda wote watatu. Mlima ulikuwa umepoa. Moshi ulikuwa mwembamba, na matetemeko yalikuwa yakija mara moja moja, kama mtu anayejigeuza usingizini. Koko alikuwa amesharudi. Mbuzi wake wengi walikuwa wamekufa, aliniambia hilo haraka kisha akalifunga. Alituongoza kwenda makaburini, na nilijua tumefika kwa sababu tu alisimama.

Palikuwa uwanda. Tope lilikuwa limekauka, jeupe, limepasukapasuka, laini kuliko sakafu ya mtu. Hapakuwa na jiwe, wala kijiti, wala kichaka. Mti mmoja ambao shemeji alikuwa akiutumia kama alama ulikuwa umekwenda na maji.

"Hapa," Koko akasema. Akapiga hatua kadhaa. "Au pale." Akazunguka, akautazama mlima, akatazama kijiji, akapima kwa macho. Kisha akajifunika uso kwa shuka lake.

Shemeji alijaribu pia. Alihesabu kutoka kwenye kona ya boma la jirani, lakini boma lenyewe lilikuwa limejengwa upya mahali pengine. Mwishowe akasimama, anahema, jasho linamtoka. "Tuchague mahali," akasema. "Popote. Tusome Fatiha hapa, tuweke mawe, iwe ndiyo alama yake. Mungu anajua alipo."

"Mimi sijui," dada akasema.

"Mke wangu."

"Sitaweka mawe juu ya mahali ambapo hayupo. Nikija kufagia nitakuwa nafagia nini?"

Alimsihi. Nami nilimsihi, na Koko. Alikataa kwa kutikisa kichwa tu, macho makavu. Basi shemeji akachagua peke yake. Aliegemea gongo, akainua mikono yote miwili kadiri alivyoweza, akasoma kwa sauti, na alipomaliza akaanza kuokota mawe mbali na kuyaleta moja moja, akichechemea. Nilikwenda kumsaidia. Dada alisimama kando na Koko mpaka tulipomaliza, kisha akatangulia kurudi kijijini.

Shemeji alibaki. Alisema duka halijengwi kwa simu. Dada alirudi na mimi, na haikuwa kuachana, kwa sababu hakuna aliyelitamka neno hilo. Aliteremkia Kondoa. Mama alikuwa amemwandalia kile chumba alichokulia, ameweka na pazia jipya.

Sasa yuko huko. Anamsaidia mama sokoni, anapepeta ulezi, anafundisha watoto wa jirani kusoma Kurani. Shemeji humpigia Ijumaa baada ya swala. Nimewahi kuwapo. Anaipokea simu, anatoka nayo uani, anasema yeye mzima, mama mzima, anauliza hali ya nyonga, anauliza hali ya Koko. Hamwulizi habari za mlima. Na shemeji ananiambia mimi, siyo yeye, kwamba mawe yale bado yapo, na kwamba siku hizi watu wengine wanaopita huongeza jiwe bila kujua ni kaburi la nani.

Mara ya mwisho nilipokwenda, kulikuwa na tetemeko dogo la saa za asubuhi. Mama alitoka nje. Mimi nilitoka nje. Dada hakutoka. Tulimwita dirishani, akaitikia kwamba ametusikia, na tulipochungulia tulimkuta ameketi kitandani, mikono ameiweka magotini, anangoja.

"Toka, mwanangu!" mama akapiga kelele. "Nyumba ni ya zamani hii!"

"Endeleeni nyie," akasema. "Mimi nipo."